Kiboko kilianza, kicheko ndicho kinamaliza

Wasee, nianze na swali. Mara ya mwisho ulipojaribu kuongea lugha ya shosho ama guka yako, nani alicheka? Najua kuna mtu alicheka. Labda ni anko kwa ruracio, labda ni binamu wa ocha aliyekuiga mbele ya watu, labda ni mathe mwenyewe jikoni. Na najua ulichofanya baada ya hapo. Ulirudi kwa Kiswahili ama Kiingereza, na hujajaribu tena hadi wa leo.

Mimi naamini hicho kicheko ndicho kinamaliza lugha za nyumbani kwa watoto wa mjini, kuliko Sheng, kuliko TikTok, kuliko katuni za Kiingereza. Na hii fikra sikuipata Nairobi. Niliipata mbali sana, kwa mji mdogo wa bandari unaoitwa Stornoway, kisiwani Scotland, mahali nililala usiku mmoja tu mwezi Juni. Wacha niwapeleke polepole.

Niko Glasgow kwa masomo ya mwaka mmoja. Mitihani ilipoisha nilikuwa na siku tatu na pesa kidogo. Wenzangu darasani walienda Hispania kutafuta jua. Mimi nilikuwa nimeona kwa ramani visiwa vimejipanga upande wa magharibi kabisa, nikasema wacha niende nione hii nchi inaishia wapi. Unapanda treni hadi Inverness, halafu basi hadi kijiji cha Ullapool, halafu feri kubwa inayobeba magari na malori. Kama umezoea feri ya Likoni ya dakika chache, jipange. Hii inakaa baharini zaidi ya saa mbili na nusu, na upepo wa huko haukuulizi umevaa nini.

Tulifika kama saa mbili usiku na jua bado liko juu. Si utani. Mwezi Juni huko jua linatua karibu saa nne na nusu usiku, na hata likitua, giza lenyewe halikamiliki. Sisi watu wa ikweta tumezoea jua lenye nidhamu, saa moja kasoro limeshaenda zake. Nilishuka na begi mgongoni, mwili unasema lala, macho yanasema ni mchana.

Stornoway ndio mji mkubwa wa kisiwa cha Lewis, lakini ni ukubwa wa huko. Wakazi ni elfu kadhaa tu, wanaweza kuingia wote kwa estate moja ya Eastlands na nyumba zibaki. Boti za uvuvi zimefungwa karibu kabisa na maduka. Ndani ya maji kuna sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu na uso wa mbwa, wanachungulia wavuvi kama paka nje ya butchery. Ng'ambo ya bandari kuna kasri, lililojengwa karne ya 19 na James Matheson, tajiri aliyenunua kisiwa kizima mwaka 1844 kwa pesa za biashara ya China, kasumba ikiwemo. Ndiyo, kisiwa kizima, na watu wakiwa ndani. Mwaka 1918 kikanunuliwa tena na Lord Leverhulme, yule wa sabuni ya Sunlight. Huyo alishindwana na kisiwa, na mwaka 1923 ardhi ya Stornoway ikabaki kwa wenyeji, ambao wanaisimamia wenyewe kupitia amana yao hadi leo.

Njaa ilikuwa imenishika, nikaingia kwa kibanda cha chakula. Nikaona kwa menyu kitu kinaitwa marag dhubh. Nikauliza ni nini. Jamaa akanieleza: damu, mafuta ya ng'ombe, oats na vitunguu, vinatiwa ndani ya utumbo. Nikamwangalia. Budah, hiyo ni mutura! Tofauti ni oats na kwamba hakuna pilipili wala kachumbari. Na hawa watu hawachezi nayo. Tangu 2013 jina la mutura ya Stornoway linalindwa na sheria, kwamba lazima itengenezwe huko huko. Nikafikiria msee wangu wa mutura pale mtaani, na ile mbao yake imekatwakatwa hadi imezama katikati, hajui kuna sheria ingeweza kumlinda.

Nilibeba chakula changu hadi kwa benchi linaloangalia maji. Hapo ndipo stori yenyewe ilipo.

Kwa hilo benchi alikuwa ameketi nyanya mmoja, miaka sabini na kitu, koti limefungwa hadi kidevuni. Kando yake kijana wa miaka kama tisa, anakula chipsi. Walikuwa wanaongea lugha ambayo sikuijua. Si Kiingereza cha Waskoti, hicho nilikuwa nimeanza kukizoea Glasgow. Hii ilikuwa Kigaeli. Nilikuwa nimeiona kwa mabango tangu kwa feri, kila kitu kimeandikwa mara mbili, hata jina la mji: Steòrnabhagh. Lakini kuona bango na kusikia mtoto akiitumia kuomba chumvi ni vitu viwili tofauti.

Kijana alikuwa anapiga stori ndefu, mikono juu. Akifika mahali neno limemkataa, anachomeka la Kiingereza. Nyanya analisema lile neno kwa Kigaeli, sauti ya chini, bila kumkatiza. Kijana analirudia, linatoka vibaya. Nyanya analisema tena. Kijana anajaribu tena, safari hii nusu sawa, na stori inaendelea. Nilihesabu hiyo kitu ikitokea mara nne. Hakuna mara hata moja nyanya alicheka. Hakumwita mtu aje asikie. Hakusema "hawa watoto wa siku hizi."

Nikashindwa kunyamaza. Nikawasalimia, nikauliza kama hiyo ni Kigaeli. Nyanya akafurahi, akasogea nikae vizuri. Nikamwomba anifunze kusema asante. Akaniambia kwanza kuna asante mbili. Ya rika lako ni "tapadh leat". Ya mtu mzima, ama ya watu wengi, ni "tapadh leibh". Yaani hata wao wana heshima yao ndani ya lugha, huwezi kumrushia mzee asante ya boyz. Nikajaribu. Kumbe kabla ya hiyo p kuna pumzi fulani, kama h ndogo imejificha hapo. Sikuipata. Akasema tena. Sikuipata. Akasema tena, akaningoja. Ya tano hivi akatingisha kichwa: hapo sawa.

Halafu akanifunza swali ambalo wazee wa kisiwa humuuliza kijana wasiyemjua: "Cò leis thu?" Maana yake, wewe ni wa nani?

Aki nilishtuka. Hilo ni swali la ushago! Ndilo swali kila mzee anakuuliza ukishuka matatu Karatina na begi lako. Hakuulizi unafanya kazi gani. Anakuuliza wewe ni wa nani, ukimtajia ukoo, anakuweka mahali pako. Akaniuliza mimi sasa: na wewe, wewe ni wa nani?

Mimi ni msichana wa pili kwetu. Kwa desturi ya Wakikuyu, msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama yake. Kwa hivyo jibu langu ni shosho. Nina jina lake kamili. Lugha yake sina.

Nikamweleza hivyo. Naye akanieleza yake. Baba yake alipokuwa shule, mtoto akipatikana akiongea Kigaeli alivalishwa kijiti chenye kamba shingoni, kiliitwa "maide-crochaidh", na kiboko kinafuata. Baba yake alimlea yeye kwa Kigaeli bado, kwa sababu nyumbani ndiyo ilikuwepo. Lakini yeye alipopata binti, kila mtu alimwambia Kigaeli kitamharibia mtoto Kiingereza chake. Akaacha. Binti yake leo anasikia tu, haongei. Huyu mjukuu ndiye amekipata, na amekipata shuleni. Shuleni! Mahali palipokuwa na kijiti ndipo lugha inarudia.

Sasa nyinyi mliosoma Kenya, hicho kijiti mnakijua. Sisi tulikiita diski. Yangu ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya kiatu, katika shule ya msingi Nairobi. Ukishikwa unaongea kitu chochote si Kiingereza, hata Kiswahili, unaivaa, na unaitoa tu ukimshika mwenzako. Jioni mwenye diski anaitwa mbele. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini diski yetu haikuwa imeambiwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu kitu kile kile katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, alivyokiona utotoni miaka ya hamsini. Kutoka miaka ya hamsini hadi kwangu, mbao ni ile ile.

Na angalia hii. Mwaka 1872 sheria ya elimu ya Scotland ilileta shule kwa kila mtoto, na haikukitaja Kigaeli hata mara moja. Miongo michache baadaye, wamishonari wa Kanisa la Scotland wakaja kwetu. Thogoto, pale Kikuyu, hilo jina lenyewe limetokana na "Scot" kwa ulimi wa Kikuyu. Tumutumu, karibu na kwa shosho, ilikuwa misheni yao pia. Sisemi wao ndio walibuni diski ya Kenya, Waingereza na wengine walikuwa na shule zao pia. Ninachosema ni kwamba wazo la kumwaibisha mtoto kwa lugha ya mama yake halikutengenezwa kwa ajili ya Waafrika peke yao. Lilijaribiwa kwanza kwa watoto weupe maskini wa visiwani. Kwa miaka nilidhani kuna kitu kibaya na lugha zetu. Kumbe ni mtambo tu, ulikuwa unafanya kazi hivyo popote ulipowekwa.

Lakini siwezi kumwekea mzungu kila kitu, itakuwa uongo. Kwetu kulikuwa na hofu pia. Mapema 2008 nilikuwa na miaka saba, tukiishi Eastlands. Mama alituambia jambo moja na hakulirudia: nje ya mlango huu, hakuna Kikuyu. Hakueleza. Wale mliokuwa Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kisumu wakati huo mnajua kwa nini mzazi wa kabila lolote angesema hivyo kwa mtoto wake. Alikuwa anatulinda. Shida ni kwamba ukishaizima lugha nje ya mlango, si rahisi kuiwasha ndani. Amani ilirudi, lugha haikurudi.

Kwa hivyo kiboko kilianza, hofu ikaendeleza. Na sasa tuje kwa kicheko.

Nilipofika kama miaka kumi na tano nilianza kutaka kuongea na shosho. Kikuyu kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Sisi tuliokulia Kiswahili na Sheng tunazimeza zile mbili, na ukizimeza neno linageuka kuwa neno lingine kabisa, wakati mwingine la aibu. Kila nilipofungua mdomo ocha, watu walikufa. Waliniita mzungu. Waliniomba nirudie ili jirani asikie. Hawakuwa wabaya, walikuwa wananipenda, kuna mmoja alinilipia fare ya kurudi. Lakini ukichekwa mara sita kwa chai moja, ya saba unasema "niko sawa" kwa Kiswahili na unaenda kuosha vikombe.

Na cheki vile tumebanwa. Ukiongea Kiingereza na lafudhi ya nyumbani, mtaani wanakuambia unashrub, wanakutengenezea meme. Ukiongea lugha ya nyumbani na lafudhi ya mtaani, ocha wanakucheka. Ukichapa Sheng, mwalimu anasema wewe ndiye unaua Kiswahili. Kijana wa Nairobi hana lugha hata moja anayoruhusiwa kukosea ndani yake. Halafu watu wazima wanaandika magazetini wakiuliza kwa nini vijana wameacha mila.

Miaka miwili iliyopita shosho alipata kiharusi. Alipona, anatembea na fimbo. Lakini Kiswahili chake kilienda. Kile Kiswahili cha sokoni Karatina alichotumia kwetu miaka yote kimefutika, amebaki na Kikuyu peke yake. Nikipiga simu, mama anakaa katikati anatafsiri. Shosho anaongea dakika mbili, mama ananiambia, "Anasema ule vizuri." Dakika mbili, jameni. Hakusema "ule vizuri" kwa dakika mbili. Kuna maneno yanayobaki hapo katikati na hayanifikii, na siku moja hayatakuwepo.

Ndiyo maana yule nyanya wa Stornoway alinikaa kichwani. Sisemi kwao wamemaliza kazi. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba katika visiwa vyao asilimia 57 ya watu wanajua Kigaeli kwa kiasi fulani, na mwaka 2011 walikuwa 61. Inashuka. Scotland nzima ni watu kama 130,000. Kikuyu kina mamilioni, kwa hivyo mtu anaweza kusema sisi hatuna haja ya kuogopa. Lakini usihesabu nchi. Hesabu nyumba yenu. Kwenu, baada ya mzazi wako, nani?

Na wao wamefanya vitu vya maana. Madarasa ya shule ya msingi yanayofundishwa kwa Kigaeli yalianza mwaka 1985, Glasgow na Inverness. Sheria ya lugha ilikuja 2005, na chaneli ya televisheni, BBC Alba, mwaka 2008. Mwaka 2020 serikali ya visiwa iliamua kwamba mtoto akiandikishwa darasa la kwanza, anaingia mkondo wa Kigaeli isipokuwa mzazi aseme hataki. Yaani mwenye kujieleza si anayetaka lugha tena, ni asiyeitaka. Duolingo walipoweka Kigaeli mwaka 2019, wanafunzi walipita milioni moja. Wengi wao hawatawahi kukiongea vizuri. Lakini hakuna anayewavalisha kijiti.

Sisi hatujakosa karatasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali itakuza na kulinda lugha za Wakenya. Mtaala unasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mjini Nairobi hiyo inamaanisha Kiswahili, na niko sawa na hiyo, Kiswahili ndicho kinatuwezesha kukaa meza moja. Sitaki Kikuyu kiwe cha kuwafungia wengine nje. Nikiwa kwa ofisi ama kwa matatu na watu wa kila mahali, Kiswahili ndicho heshima. Ninachotaka ni kidogo sana: niongee na shosho bila mkalimani.

Kwa hivyo nimeweka sheria kwetu, na nimeziandika kwa group ya familia. Jumapili, simu ya dakika kumi na shosho, mama haruhusiwi kutafsiri hadi tukwame kabisa. Nikikosa neno, nachomeka la Kiswahili na stori inaendelea, kama yule kijana na chipsi zake. Na ya tatu, ambayo ilileta ubishi: hakuna kucheka. Anko mmoja alisema nimekuwa serious sana tangu niende majuu. Nikamwambia anko, kwa heshima zote, ukitaka kucheka niko na video nyingi za kukutumia, lakini hii simu iache.

Wiki ya tatu shosho aliniuliza kitu, nikajibu vibaya. Kukawa kimya. Halafu akalisema lile neno mwenyewe, polepole, ile i yake iko mahali pake. Nikarudia. Akalisema tena. Kumbe shosho hakuhitaji kufunzwa hii na mtu yeyote. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwa mmoja wa waliocheka.

Kwa wale ambao lugha imewatoka kama mimi: si kosa lenu, na bado ni kazi yenu. Anzeni na mtu mmoja ambaye hatacheka. Na wewe unayeijua vizuri, wewe ambaye ulikulia ocha na irabu zako zote saba ziko sawa, yako ni rahisi zaidi. Mtoto wa mjini akikosea mbele yako, sema lile neno tena, polepole, halafu umngoje.